Kumleta mke au mume Uingereza: mambo yanaanzia kwenye slipi za mshahara

Harusi ikishaisha Dar, Mombasa au Unguja, mmoja anarudi Uingereza kazini na mwingine anabaki nyumbani na swali moja tu, lini? Na jibu ambalo watu hawapendi kulisikia ni kwamba hiyo "lini" inategemea sana miezi 6 iliyopita, yaani slipi za mshahara na stetimenti za benki za yule aliyeko Uingereza, kabla hata hamjaigusa fomu. Kuna wanandoa wanapendana kwelikweli, wana watoto, mtaa mzima unawajua, na wananyimwa viza kwa sababu ya slipi moja iliyokosekana. Afisa anayeamua hakujui, mara nyingi hata kukuita kukuhoji hakuiti, anasoma kilichomo kwenye faili halafu anaandika jibu. Ndo maana nataka tuelewane vizuri wanachotafuta ni nini, kwa sababu kinachouma zaidi ni kuona watu wanatenganishwa na kitu ambacho kingeweza kupangwa mapema.

Kwanza cheki kama uko kwenye njia sahihi. Viza ya mke au mume ninayoizungumzia hapa, ile iliyoko kwenye kanuni zinazoitwa Appendix FM, ni ya mtu ambaye mwenzake ni raia wa Uingereza au Ireland, au ana ukaazi wa kudumu kule (watu wanaita ILR), au yuko chini ya ule mpango wa watu wa Ulaya, au ana hadhi ya ukimbizi. Kama mwenzako yuko kule kwa viza ya kazi au ya masomo hiyo ni njia nyingine kabisa, pale unaenda kama tegemezi wake kama viza yake inaruhusu, na hapa wengi wameumia kwa sababu walioomba viza ya kuhudumia wazee kuanzia tarehe 11 Machi 2024 walifungiwa mlango wa kuleta familia. Wakimbizi nao, wakiwemo ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Somalia, walikuwa na njia yao ya kuunganisha familia bila ada na bila kiwango cha mshahara, lakini Septemba 2025 serikali ikasimamisha maombi mapya ya njia hiyo, kwa hiyo sasa na wao wanasukumwa kwenye masharti haya haya ya Appendix FM.

Haya, pesa. Hapa nitakaa sana maana ndipo wengi wanapokwama.

Mwenzako aliyeko Uingereza anatakiwa awe anaingiza angalau paundi 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Kuanzia 2012 kiwango kilikuwa 18,600, kikakaa hapo zaidi ya miaka kumi, halafu mwisho wa 2023 serikali ya wakati ule ikatangaza itakipeleka mpaka 38,700, kelele zikawa nyingi, ikaamua kupanda kwa hatua na hatua ya kwanza ndo hiyo 29,000 iliyoanza tarehe 11 Aprili 2024. Serikali iliyofuata ikasimamisha hatua zilizobaki. Jambo moja zuri kwenye mabadiliko yale ni kwamba zamani kila mtoto unayemleta alikuwa anaongeza kiwango na sasa haongezi, iwe una mtoto mmoja au wanne ni 29,000 ile ile.

Sasa sikiliza, 29,000 kwa mwaka ni kama paundi 2,417 kwa mwezi, lakini hawaangalii tu mwezi huu unapata ngapi. Kama wewe uliyeko Uingereza uko kwa mwajiri mmoja kwa miezi 6 au zaidi na una mshahara maalum wa mwaka, wanachukua kiwango cha chini kabisa ulicholipwa ndani ya ile miezi 6. Kwa hiyo mtu aliyekuwa kwenye 27,500 halafu akapandishwa mpaka 30,000 miezi miwili iliyopita, akiomba leo kwa njia hiyo wanahesabu 27,500 na jibu ni hapana, angesubiri miezi minne tu mambo yangekuwa sawa. Na kama unalipwa kwa saa, labda uko wearhausi au unafanya shifti za ejensi na saa zinapanda na kushuka, basi wanachukua wastani wa miezi 6, maana yake jumla ya slipi zako zote sita lazima ifike paundi 14,500, wiki ulizougua na ule mwezi uliorudi nyumbani kwa harusi bila likizo ya malipo vyote vimo humo humo ndani. Hili la mwezi wa harusi watu hawalifikirii kabisa, mtu anachukua wiki tano bila malipo, anaoa, anarudi na furaha zake anaomba mwezi unaofuata, na wastani ushaharibika.

Aliye chini ya miezi 6 kwa mwajiri wake, au aliyebadilisha kazi karibuni, ana njia nyingine ambayo inaangalia miezi 12, pale unatakiwa uonyeshe kwamba kiwango unacholipwa sasa kinafika 29,000 na pia kwamba ulichoingiza kweli ndani ya miezi 12 iliyopita kimefika hapo. Aliyejiajiri, mwenye teksi yake, saluni au duka, anahesabiwa kwa mwaka kamili wa kodi uliopita, kwa zile hesabu alizopeleka HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya kule, na naomba hapa tuwe wakweli, ukipunguza faida kwenye makaratasi ya kodi ili ulipe kidogo basi ndo hiyo hiyo faida ndogo utakayohesabiwa nayo siku unamwombea mkeo viza, huwezi kuwa na hesabu mbili.

Halafu kila slipi lazima ionekane kwenye stetimenti. Slipi inasema 2,450 kabla ya kodi na 2,020 mkononi, basi ile 2,020 iingie benki kwa tarehe inayoeleweka. Pesa ya mkononi isiyo na slipi haihesabiki. Na karatasi ya mwisho kwenye ule mfululizo isiwe na zaidi ya siku 28 kabla ya siku unayotuma maombi, wapo wanaokusanya kila kitu vizuri halafu wanakaa nacho wiki sita wakisubiri cheti cha kifua kikuu, wakituma slipi zimeshazeeka.

Kuna swali linaulizwa sana, je mshahara wa yule aliyeko nyumbani unahesabiwa? Kama anaomba akiwa nje, hauhesabiwi, hata kama ni daktari Muhimbili au meneja wa benki Nairobi. Lakini wengi hawajui kwamba kodi ya nyumba inahesabiwa. Kama mwombaji ana nyumba ya kupangisha kwa jina lake, iwe Mbezi au Nyali, na ina mkataba na kodi inaonekana inaingia benki, hiyo inaweza kujumlishwa na mshahara wa mwenzake, ilimradi isiwe ndo nyumba wanayoishi. Na akiba pia inasaidia. Hesabu yake iko hivi, paundi 16,000 za kwanza hazihesabiki, kinachozidi hapo kinagawanywa kwa 2.5. Kwa hiyo mtu wa mshahara wa 25,000 anapungukiwa 4,000, zidisha 2.5 unapata 10,000, ongeza 16,000, anahitaji akiba ya 26,000. Asiye na mshahara kabisa anahitaji 88,500. Akiba iwe imekaa kwenye akaunti ya mmoja wenu au yenu wote kwa miezi 6 bila kushuka, isiwe mkopo, zawadi ya mzee inakubalika ila nayo ikae miezi 6. Isipokuwa kama mmeuza nyumba au kiwanja, hapo ile pesa inaweza kukubaliwa hata kama haijatimiza miezi 6, mkionyesha kwamba mali ilikuwa yenu tangu mwanzo wa hiyo miezi 6 na mauzo yalikuwa halali na hela iko benki. Kwa hiyo kile kiwanja cha Kigamboni kinaweza kuwa viza, lakini kwa hati na mkataba wa mauzo wenye wakili, karatasi ya serikali ya mtaa peke yake naiogopa.

Kama mwenzako analipwa malipo fulani ya serikali kwa sababu ya ulemavu au kwa kumhudumia mgonjwa, mfano PIP au Carer's Allowance, yeye habanwi na 29,000, wanaangalia tu kama mtaweza kujikimu. Wenye haki hii wengi hawaijui na wanakaa miaka wakidhani hawawezi.

Tuje kwenye ndoa yenyewe. Uingereza inaitambua ndoa kama ilifungwa kihalali kwa sheria ya mahali ilipofungwa na kuna cheti. Kwa Tanzania bara ndoa inaangukia Sheria ya Ndoa ya 1971, iwe ya msikitini, kanisani, kiserikali au kimila, kwa Kenya ni Sheria ya Ndoa ya 2014, na Zanzibar ina utaratibu wake wa kadhi na usajili. Kilichowakuta wengi ni kwamba sherehe ilikuwa kubwa, mahari yamelipwa, shehe au mchungaji kaandika kwenye kitabu chake, lakini hakuna aliyekwenda kusajili. Kenya ndoa za kimila zinasajiliwa tangu Agosti 2017 kwa hiyo hakuna sababu ya kubaki na picha na video tu. Tafuta cheti cha msajili mapema, usisubiri wiki ya kutuma.

Na ndoa ya msikitini iliyofungwa Uingereza kwenyewe, kama haikufuata taratibu za usajili za kule, kisheria siyo ndoa, Mahakama ya Rufaa ya kule ilishalisema hilo wazi mwaka 2020. Mbele ya Mungu mmeoana, sina neno, ila mbele ya Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani ya kule inayotoa viza, nyinyi ni wapenzi ambao inabidi waonyeshe uhusiano wa angalau miaka miwili. Kuozeshwa kwa simu au kwa wakala, bwana harusi yuko Leicester bibi harusi yuko Tanga, nako kunaleta swali gumu la ndoa ilifungwa wapi hasa, na hata ikikubaliwa kuna sharti lingine kwamba lazima mmeshaonana ana kwa ana, simu ya video haitoshi. Ndoa ya wake wengi, hata kama kwetu ni halali, viza inatoka kwa mke mmoja tu. Na aliyewahi kuoa au kuolewa kabla aweke cheti cha talaka au cha kifo, talaka ya mdomo hapa haimsaidii mtu. Wote wawili muwe mmefika miaka 18.

Majina ndugu zangu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma, pasi inasema Fatma, cheti cha ndoa kimeandika jina la baba kwa herufi nyingine, na kitambulisho kina jina la babu ambalo pasi haina. Kwetu ni mtu yule yule na hakuna anayeshangaa. Afisa wa Sheffield ambaye hajawahi kufika kwetu anaona watu watatu. Fanya hati ya kiapo kwa wakili inayoeleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, au sahihisha vyeti kama muda upo, na kitu chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili kiambatane na tafsiri yenye jina, saini, tarehe na mawasiliano ya mfasiri.

Kuna wanaouliza kama ni bora viza ya mchumba kwanza. Mimi siipendi kama mnaweza kufunga ndoa nyumbani. Inatoka kwa miezi 6, hauruhusiwi kufanya kazi, mnafunga ndoa kule halafu mnaomba na kulipa tena upya ili kubaki. Inafaa tu kama kuna sababu kubwa ya ndoa kufungwa Uingereza.

Mtoto naye, kabla hujamlipia viza uliza kwanza kama siyo raia tayari. Kama baba au mama ni raia wa Uingereza aliyezaliwa kule, au alipewa uraia akiwa kule kabla mtoto hajazaliwa, kwa kawaida mtoto aliyezaliwa Tanzania au Kenya ni Mwingereza tangu siku ya kwanza, anachohitaji ni pasi yake. Mtoto wa uhusiano wa zamani ni jambo jingine, kule wanataka kujua nani hasa ndo mlezi wake na yule mzazi mwingine yuko wapi, na hapo tafuta wakili.

Yanayobaki ni mepesi ukiyajua. Kiingereza ni kiwango cha A1, yaani ngazi ya chini kabisa, mtihani kama IELTS Life Skills ni wa kuongea na kusikiliza tu, hakuna kuandika. Cheti cha kidato cha nne hakikubaliki hata kama ulisoma kila kitu kwa Kiingereza, ila shahada ya chuo iliyofundishwa kwa Kiingereza inakubalika ikithibitishwa na Ecctis, taasisi ya kule inayokagua vyeti vya nje. Kipimo cha kifua kikuu ni lazima kwa nchi zetu zote hizi, kwenye kliniki iliyoidhinishwa tu, Nairobi ni ile ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, na cheti kinadumu miezi 6 kwa hiyo usikikimbilie mapema mno. Nyumba, mkataba wa upangaji na barua ya mwenye nyumba kwamba anajua mtu wa pili anakuja, kuishi kwa ndugu inaruhusiwa mradi msijazane kupita kiasi.

Ushahidi wa mapenzi watu wanauwekea nguvu nyingi kupita kiasi kwenye picha. Picha za harusi kumi na tano zinatosha. Kinachoeleza zaidi ni vitu vyenye tarehe na vinavyojirudia, tiketi na mihuri ya pasi ya zile safari alizokuja kukuona, miamala ya kutuma hela mwezi baada ya mwezi, rekodi za simu, mesiji chache za mwanzo, za katikati na za sasa, siyo kurasa mia nne za "umeamkaje". Kama mlikutanishwa na wazazi sema hivyo hivyo, ndoa ya kupangwa siyo kosa, kosa ni hadithi mbili zinazopishana, yeye kaandika mlikutana Eid ya 2021 na wewe kwenye fomu umeandika 2022. Kaeni chini mkumbushane kabla ya kuandika.

Ada sasa, shika moyo. Kwa viwango vya Aprili 2025 maombi ukiwa nje yalikuwa paundi 1,938, na juu yake kulikuwa na ada ya afya paundi 1,035 kwa mwaka inayolipwa yote mara moja, kwa viza ya miezi 33 wanahesabu miaka mitatu, 3,105. Jumla 5,043 kabla ya mtihani, kipimo, tafsiri na wakili. Na hiyo ni awamu ya kwanza tu, baada ya hapo unaongeza muda miezi 30 kwa 1,321 pamoja na ada ya afya 2,587.50, halafu ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitano ulikuwa 3,029. Ukijumlisha unakaribia 12,000 kwa mtu mmoja. Naziandika zote kwa sababu familia zinauza ng'ombe na kuchangishana kwa awamu ya kwanza wakidhani wamemaliza. Ada huwa zinapanda, mara nyingi mwezi wa nne, kwa hiyo angalia tovuti ya serikali ya Uingereza siku unayolipa.

Ukishatuma na kuchukuliwa alama za vidole, Home Office wamejiwekea wiki 12 kwa wanaoomba wakiwa nje, inaweza kuwahi au kuchelewa. Ukikataliwa, ada ya maombi hairudi lakini ya afya inarudishwa. Una haki ya kukata rufaa ndani ya siku 28 kama uko nje, na inachukua miezi mingi, kwa hiyo soma barua vizuri kwanza. Kama umekataliwa kwa karatasi iliyokosekana ambayo unayo, kuomba upya mara nyingi ni haraka zaidi, ila kama wamesema ndoa yenu siyo ya kweli, au mna mtoto na maslahi yake hayakuangaliwa, rufaa ina maana. Ukitafuta msaada kumbuka kwamba Uingereza mtu haruhusiwi kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi bila kuwa wakili au kusajiliwa na Immigration Advice Authority, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi. Yule anayekwambia "nipe hela nitakutengenezea stetimenti" anakuharibia maisha, uongo ukigundulika unakaa kwenye faili lako na kila ukiomba tena unakutangulia.

Ukifika unaruhusiwa kufanya kazi yoyote na kusoma, unatibiwa NHS, yaani hospitali za serikali, lakini malipo ya ustawi ya serikali huruhusiwi kuyachukua. Hakuna tena ile kadi ya ukaazi (BRP), hadhi yako iko onlaini kama viza ya kidijitali, na nasisitiza kwa dada zangu hasa, fungua hiyo akaunti kwa imeili yako mwenyewe na namba yako mwenyewe na ulijue neno lake la siri. Weka tarehe ya mwisho wa viza kwenye simu, kuongeza muda ni kabla haijaisha, na safari hiyo Kiingereza ni A2, baadaye kwenye ukaazi B1 pamoja na mtihani wa Life in the UK wenye maswali 24.

Na kuna kitu ambacho mume au mke aliyekuja kwa viza hii anatakiwa akijue kabla ya kupanda ndege. Kuna watu wanapigwa au wananyanyaswa ndani na wanavumilia kwa sababu wameambiwa "nitakufuta viza, utarudishwa kwenu". Mwenzako hana mamlaka hayo. Aliyekuja kama mke au mume wa raia au wa mwenye ukaazi wa kudumu, na ndoa ikavunjika kwa sababu ya unyanyasaji, anaweza kuomba ruhusa ya muda ya miezi 3 ambayo inamfungulia misaada ya serikali, ikiwemo mahali pa kulala, na ndani ya muda huo akaomba ukaazi wa kudumu kwa jina lake mwenyewe, bila kusubiri ile miaka mitano. Unyanyasaji siyo kupigwa tu, kunyang'anywa pasi, kufungiwa hela na kutishwa navyo vimo. Na tangu 2024 hata yule aliyepelekwa nyumbani "kusalimia" halafu akatelekezwa huko bila pasi wala tiketi anaweza kuomba akiwa nje. Asiye na kitu anaweza kuomba asamehewe ada ya ukaazi huo.